Mama anasema maziwa ya mke wangu hayatoshi

"Daktari, mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Kisumu, tunaishi Manyatta. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza wiki tano zilizopita, msichana wa kilo 3.1. Alipopimwa wiki ya pili alikuwa na kilo 3.3. Mchana ananyonya na kulala vizuri, lakini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ni kunyonya na kulia, kulia na kunyonya. Mama yangu amekuja kutoka Ugenya kutusaidia. Anasema maziwa ni mepesi na hayatoshi, tumpe uji wa wimbi uliolainishwa au maji ya glukosi. Jirani anasema tununue maziwa ya mkebe. Mke wangu alijaribu kukamua mbele ya mama, yakatoka vijiko vitatu tu, akalia. Hatulali. Mimi nachota maji na kufua nepi nane, tisa kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani. Juu ya hayo, tajiri wake wa duka la vifaa vya ujenzi mjini amesema asiporudi wiki ya tisa atampa mtu mwingine kazi. Niambie ukweli: maziwa yanatosha au tuongeze kitu? Na mimi mwanamume nifanye nini?"

Mwanangu, kwanza nikurekebishe: mimi si daktari. Ni nesi na mshauri wa unyonyeshaji, na kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu imekuwa kukaa kitako kando ya wazazi wapya na kutazama watoto wakinyonya. Kama kuna haja ya daktari nitakutuma kwake, na nitakueleza ni lini.

Ukweli unaoutaka umeuandika mwenyewe bila kujua, pale katikati ya malalamiko: unafua nepi nane, tisa kila asubuhi. Mtoto wa wiki tano asiyepewa kitu kingine hana pengine pa kuyapata maji hayo ya kukojoa ila kwenye titi la mama yake. Tukiona nepi sita au zaidi zilizoloa vizuri kwa siku moja, mkojo hauna rangi kali, na mtoto anaamka mwenyewe kudai kunyonya, tunajua maziwa yanaingia. Usichoke kufua. Kwa sasa wewe ndiye mwenye habari sahihi kuliko wote nyumbani kwako.

Kipimo cha pili ni mizani. Watoto wengi hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa kabla ya wiki mbili kwisha. Wenu katika wiki ya pili alikuwa ameshaupita kwa gramu 200. Kuanzia hapo tunategemea aongeze kama gramu 150 hadi 200 kila wiki. Wiki ijayo anatimiza wiki sita na atakwenda kliniki kuchanjwa. Akisoma karibu kilo 3.9 au zaidi, mazungumzo ya maziwa kutotosha yamekwisha. Kama nepi zimeanza kupungua, usisubiri hiyo wiki ijayo. Mpelekeni kesho akapimwe.

Sasa vile vijiko vitatu vilivyomliza mke wako. Titi si ule mtungi wa lita 20 unaochotea maji, kwamba utainamisha uone kimebaki kiasi gani. Maziwa huongozwa na homoni mbili. Prolaktini hutengeneza maziwa, na huamshwa na mtoto anaponyonya, hasa usiku. Oksitosini huyasukuma yatoke. Hiyo ndiyo inayofanya mama asikie titi likiwasha na kujaa anapomsikia mtoto akilia. Hii ya pili ina haya. Mama akiwa na maumivu, hofu au aibu, husitasita, na maziwa yaliyomo ndani hayatoki. Sasa mfikirie mke wako: mzazi wa kwanza, usingizi hana, titi limenyonywa muda si mrefu, hajawahi kufundishwa kukamua, na mbele yake amekaa mama mkwe akiangalia kikombe. Hata ng'ombe wa gredi hamwagi maziwa mgeni akimsimamia. Vijiko vitatu katika hali ile si vibaya hata kidogo, na havituambii lolote kuhusu anachopata mtoto. Mdomo wa mtoto unajua kukamua kuliko mkono wowote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Maziwa yanayobaki kwenye titi huliambia titi lipunguze kasi. Mfikirie mama wa chapati kibandani. Wateja wakila na kuagiza tena, anakanda unga mwingine. Chapati zikirundikana kwenye sahani bila mnunuzi, anafunika unga na kukaa. Titi lililonyonywa likalegea hutengeneza maziwa haraka. Titi lililojaa likakaza hutengeneza polepole. Ndiyo maana matiti ya mke wako huenda yameanza kuwa laini kuliko wiki ya kwanza, na mtu akasema "yamekauka." Hayajakauka. Yameshajifunza mteja wao ni nani na anakuja saa ngapi.

Hebu tuweke uji kwenye hesabu hiyo. Jioni ya leo nyanya anampa uji, tumbo linajaa, mtoto analala mpaka usiku wa manane. Nyumba nzima inapumua. Lakini titi limekosa wateja wawili. Kesho vivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua kweli, mtoto analia mchana pia, na nyanya anaonekana alisema kweli tangu mwanzo. Nimeona nyumba nyingi zikiingia mtego huo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Zaidi ya hapo, uji mwepesi ni maji mengi na nafaka kidogo, hauna nguvu ya maziwa ya mama, na tumbo la wiki tano halijawa tayari kwa nafaka. Glukosi ni sukari na maji, basi. Kuhusu kiu na joto la Kisumu, maziwa ya mama ni maji kwa takribani asilimia 87. Siku ya jua kali mtoto ataomba titi mara nyingi zaidi kwa muda mfupi mfupi, na hiyo ndiyo chupa yake ya maji. Maji ya kwenye mtungi, katika mji ambao umekijua kipindupindu zaidi ya mara moja, ni hatari isiyo na sababu.

"Mepesi" nako kuna maelezo. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi, yana weupe wa samawati kidogo. Kadiri titi linavyopungua ndivyo yanavyozidi mafuta. Kwa hiyo mtoto amalize titi moja, aliachie mwenyewe, ndipo apewe la pili akitaka. Anayehamishwa kwa saa ya ukutani, dakika kumi huku, dakika kumi kule, huishia kunywa ya mwanzo tu pande zote mbili.

Na kile kilio cha jioni? Watoto wengi hulia zaidi jioni, na kilio hicho huwa kikali kabisa karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu hadi mwezi wa tatu au wa nne. Mko kileleni hasa. Jioni pia matiti huwa yamepungua, maziwa hutoka polepole na yana mafuta zaidi, kwa hiyo mtoto hunyonya, akaachia, akalia, akarudi. Anachanganya kula, kuchoka na kutaka kushikwa. Watoto wanaopewa mkebe nao hulia jioni, ila kwao hakuna wa kulilaumu titi.

Kabla sijaendelea kuna kitu nataka mkitazame usiku huu, kwa sababu siwezi kukitazama kutoka hapa. Mtoto anaposhika titi, mdomo uwe umefunguka kama anayepiga mwayo. Kidevu kimegusa titi. Mdomo wa chini umegeukia nje. Sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yajae, yasibonyee ndani. Baada ya dakika moja au mbili msikilize: ananyonya, anatua, anameza, na mmezo unasikika kama pumzi ndogo, "kah." Mke wako asisikie maumivu baada ya zile sekunde za kwanza. Kama anauma meno na kukunja vidole vya miguu kila mtoto anaposhika, au chuchu zinatoka zimebanwa kama ncha ya lipstiki mpya, basi mtoto ameshika chuchu peke yake. Hilo linarekebishika kwa dakika kumi na mtu anayejua, na likiachwa ndilo linaloweza kupunguza maziwa kweli.

Sasa nyanya. Tafadhali usimwambie mama yako kwamba mambo yake ni ya kizamani. Alipokuwa anakulea wewe, hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema mtoto anyonye bila kitu kingine kwa miezi 4 hadi 6. Ni mwaka 2001 ndipo ikawa miezi 6 kamili. Maji ya glukosi yaliwahi kutolewa na manesi, wakubwa zangu wa kazi. Na hayuko peke yake: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wapatao 6 kati ya 10 walio chini ya miezi sita ndio wanaonyonya bila kuongezewa chochote. Wale wanne wana nyanya wanaowapenda pia.

Mama yako ametoka Ugenya ili awe na kazi. Mkimnyang'anya uji bila kumpa kingine, ataurudisha ukiwa barabarani. Mpeni zile saa nne za jioni. Mtoto akishanyonya, nyanya amfunge kifuani au mgongoni, atembee naye uani, amwimbie. Mikono mizoefu huwatuliza watoto wa jioni kuliko dawa yoyote ya mchango. Uji wa wimbi apike, tena mwingi, ila anywe mke wako. Vivyo hivyo na omena na mboga ya osuga. Hakuna chakula cha ajabu cha kuleta maziwa, lakini anayenyonyesha husikia njaa na kiu kuliko kawaida, na wazazi wengi hukaa mpaka saa nane mchana bila kutia kitu mdomoni kwa sababu mikono yao miwili ina mtoto. Na kama kuna hofu ya sihoho, ya jicho la mtu mtoto akinyonyeshwa mbele za watu, msibishane juu yake. Leso moja begani huimaliza kesi hiyo.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Nimeona mama yako anataka nini, jirani anataka nini, tajiri anataka nini. Sijaona mahali ulipoandika mke wako anataka nini. Muulize, mkiwa wawili, si mbele ya mama. Kunyonyesha ni kazi ya mwili wake, mara nane hadi kumi na mbili kwa mzunguko wa siku anaitwa, na uamuzi ni wake. Akisema anataka kuendelea, basi wewe ndiye mlango: maneno ya "hayatoshi" yasimfikie tena kupitia kwako. Mwambie hesabu ya nepi. Akisema amechoka na anataka kuchanganya na mkebe, hilo nalo ni jibu, na hahitaji kuhubiriwa. Mnalohitaji hapo ni maji yaliyochemshwa, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye mkebe, na bajeti ya kweli ya miezi yote, maana mkebe unaorefushwa kwa kuongezwa maji hudhoofisha mtoto huku kila mtu akidhani anakula. Mimi nikiulizwa, kwa mtoto wenu huyu na nepi hizi, sioni sababu ya kuuanza.

Kuhusu kazi, tajiri amekosea. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mwajiriwa aliyejifungua miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili. Wiki tisa hazifiki hapo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, pasiwe chooni, na ampe mama muda wa ziada nje ya ule wa chakula, jumla isizidi saa 1 katika saa 8 za kazi, nao uhesabiwe kama muda wa kazi. Najua duka la watu watatu haliendeshwi kwa vifungu. Ningeanza na barua fupi ya heshima inayotaja miezi mitatu, kisha mazungumzo. Ofisi ya kazi ya serikali iwe hatua ya baadaye. Chumba nacho si lazima kiwe cha kifahari. Nimewaona akina mama wakikamua stoo, kiti kimoja, mlango unaofungwa, beseni na sabuni, mabati yamewazunguka, na maziwa yakatoka.

Na hapa ndipo bodaboda yako inapokuwa mali. Kutoka mjini hadi Manyatta si mbali. Saa ya chakula mchukue mama umlete anyonyeshe, umrudishe. Mbebe mama, usimpakie mtoto kwenye pikipiki. Siku isiyowezekana, beba maziwa.

Kukamua aanze kujizoeza wiki mbili kabla ya kurudi, asubuhi, kama saa moja baada ya kunyonyesha, matiti yanapokuwa na maziwa zaidi. Anawe mikono, aweke kitambaa cha moto kwenye titi dakika chache, alikande polepole. Kisha kidole gumba juu na cha shahada chini, mbali kidogo na chuchu, asukume kurudi kifuani, abane, aachie. Asivute chuchu. Matone ya kwanza hukawia; baada ya dakika moja, mbili, hugeuka michirizi. Mtoto awe karibu, au nguo yake. Nyanya awe jikoni.

Joto la Kisumu nalo lazima liheshimiwe. Maziwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali pa kivuli, yatumike ndani ya saa 4 tangu yakamuliwe. Yakiwa yamefungwa vizuri ndani ya chupa pana ya chai iliyojazwa barafu, bila barafu kugusa maziwa, yatavuka siku ya kazi. Kwenye friji hukaa siku 4. Mwonyesheni nyanya mapema kwamba yakitulia hujitenga, mafuta juu na maji chini. Nyanya wengi wameyamwaga wakidhani yameganda. Yazungushwe taratibu tu, yawekwe ndani ya bakuli la maji ya moto yapoteze ubaridi, yasichemshwe.

Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa ya chuchu. Nyanya amkalishe wima mapajani, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, asimimine. Mtoto atayalamba mwenyewe kama paka. Mara ya kwanza nusu itaishia kwenye bibu, nyanya atacheka, na siku ya tatu watakuwa wameelewana. Kazini mke wako akamue kila saa tatu hivi hata kama matiti hayaumi, kwa sababu ile ya chapati.

Nisikudanganye: wapo wazazi ambao maziwa yao kweli hayatoshi. Ni wachache kuliko tunavyosikia, lakini wapo. Aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo la nyuma, mwenye shida ya tezi ya shingoni, aliyewahi kupasuliwa titi, ambaye matiti hayakubadilika kabisa katika ujauzito wala baada ya kujifungua. Wakati mwingine tatizo ni la mtoto, ulimi umefungwa chini hauwezi kunyanyuka. Kama mojawapo linamhusu mke wako, niambieni, na msiogope kuongezea mtoto kwa ushauri wa kliniki huku chanzo kikitafutwa. Mtoto kushiba ndiyo sheria ya kwanza.

Hospitali nendeni siku hiyohiyo mtoto akiwa na joto, akikataa kunyonya au kulala mno hadi haamshiki kula, nepi zikishuka chini ya sita, utosi ukibonyea, macho yakiwa bado manjano, akitapika kijani au mkiona damu kwenye choo. Mama naye: titi jekundu, gumu, la moto, pamoja na homa na mwili kuuma, linahitaji dawa, na aendelee kulinyonyesha hilohilo. Na umwangalie machoni. Akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akilia kila siku, asipojali tena mtoto wala chakula, au akitamka kwamba mngekuwa afadhali bila yeye, usimwache peke yake na usingoje kliniki ya chanjo. Hiyo ni maradhi, ina tiba.

Kliniki ya wiki ya sita msiende wawili. Mchukueni na nyanya, na kijitabu cha kliniki akishike yeye. Nesi akimweka mtoto kwenye mizani, wewe rudi nyuma hatua moja, mama yako awe wa kwanza kuisoma.